Dhehebu au genge?

Call of Cthulhu, mchezo wa kutisha wa kuigiza mezani, ulitoka Marekani mwaka 1981. Kisa chake maarufu, Masks of Nyarlathotep cha 1984, kinawafikisha wachezaji Kenya, kwa waabudu wauaji. Tuwaiteje? Wengi watakimbilia “dhehebu”. Siafiki. Walutheri ni dhehebu, Waibadhi pia, na simjui yeyote huku Mahurunga, Mtwara, anayefunga mlango kwa kuwaogopa. Wala msiwaite watu wa mapiko: ngoma hiyo ya vinyago ya Wamakonde ina siri zake za jandoni, ila hutoka hadharani, watoto wakikimbia na kucheka. Neno “dhehebu” limeshatumika vibaya: katika msitu wa Shakahola, Kenya, mwaka 2023, waumini walikufa kwa kufunga kula. Hata hao waliowapotosha magazeti yaliwaita dhehebu! Watunzi wa michezo, andikeni “genge la kafara”.