Impinganzima: Nyumba za Waliobaki Peke Yao

Rwanda ina nyumba nne za wazee zenye jina moja, Impinganzima. Ziko Huye, Nyanza, Bugesera na Rusizi, pembe ya kusini-magharibi ambayo watu wazima bado huiita Cyangugu. Mgeni anayezijua nyumba za wazee za Ulaya ataona vyumba, jiko la pamoja, muuguzi na wahudumu, adhani amekutana na kitu kilekile. Lakini nyumba ya wazee hujulikana kwa sababu iliyomtoa mzee kwake, na sababu ya hapa ni ya hapa.

Zamani, kwenye vilima vya Cyangugu, swali la nani amtunze mzee halikujibiwa kwa jengo. Kijana wa kiume alijenga jirani na baba yake, na kitinda mimba mara nyingi ndiye aliyebaki na wazazi. Asiyejaliwa mtoto alitunzwa na watoto wa nduguye. Mapadri Weupe walipofungua misheni ya Mibilizi mwaka 1903, walikuta jamii isiyo na desturi ya kumkabidhi mzee kwa watu baki.

Kwingineko Afrika Mashariki, nyumba za wazee zilitokana na haja nyingine. Huko Nairobi, Nyumba ya Wazee ya Kasarani iko mikononi mwa shirika la masista lililoanzishwa Ufaransa na Jeanne Jugan mwaka 1839. Hiyo ni sadaka kwa maskini aliyezeeka mjini. Tanzania Bara, makao kama Bukumbi, kule Misungwi, yana mizizi katika kambi za wagonjwa wa ukoma: mtu alitengwa akiwa kijana, akazeekea palepale. Zanzibar ilikwenda njia yake. Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ilichukua malezi ya wazee kuwa jukumu la dola, na majina ya nyumba za Sebleni na Welezo yakazoeleka. Tangu 2016 visiwa hivyo hutoa pensheni kwa kila mkazi aliyefikisha miaka 70, hata kama hakuwahi kuajiriwa. Kwa maoni yangu, hilo limewasaidia wazee wengi kuliko jengo lolote, kwa sababu mzee mwenye chochote mkononi hubaki na sauti nyumbani kwake.

Turudi Cyangugu. Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza, Watutsi walikimbilia kanisa kuu, kisha wakahamishiwa uwanja wa michezo wa Kamarampaka, ambako wauaji walikuwa wakija kuwachagua na kuwatoa. Mibilizi nako watu waliuawa mahali walipokimbilia hifadhi. Baadhi ya walionusurika waliishia kambi ya Nyarushishi. Mila ilikuwa imeweka akiba kwa asiye na mtoto: mpwa, shemeji, jirani wa ukoo. Mauaji hayo yaliimaliza akiba hiyo pamoja na watoto wenyewe. Mama wa miaka hamsini alitoka hai, nyuma yake hakuna hata mmoja.

Wajane waliunda chama cha AVEGA Agahozo mwaka 1995, na mwaka 1998 serikali ikaanzisha mfuko wa FARG uliojengea manusura nyumba, ukawalipia matibabu na karo. Nyumba ilipatikana; wa kuteka maji, kuwasha moto na kusikia mtu akikohoa usiku hakupatikana. Wanafunzi manusura wa chama cha AERG, kilichoanzishwa 1996, walijipanga katika familia za kujiundia, wenye umri mkubwa kidogo wakawa wazazi wa wadogo, na wengine wakawa wanawatembelea wazee waliobaki peke yao na kuwafanyia kazi. Yalikuwa malezi ya kweli, ila vijana huhitimu na kuhama, na mzee huzidi kudhoofika.

Hapo ndipo Unity Club, jumuiya ya viongozi na wenzi wao iliyoundwa 1996 chini ya Jeannette Kagame, mke wa rais wa sasa, ilipojenga Impinganzima, ya kwanza ikiwa Huye. Wakazi wake, ambao zamani waliitwa incike, yaani waliofiwa na watoto wote, sasa huitwa Intwaza. Wanapikiwa, wanatibiwa, wanasuka vikapu, wanapokea wageni, hasa vijana. Faida kubwa, nadhani, ni kuishi na watu wasiohitaji kuelezwa: juma la maombolezo la Aprili likifika, hakuna jirani wa kuuliza kwa nini mama huyu hali. Gharama nayo ipo. Kuingia humo ni kuacha kilima, shamba la migomba na mahali walipozikwa watu wako.

Nyumba hizi zilijengewa kizazi kimoja, na kizazi hicho kinapungua kila mwaka. Wakati huohuo wazee wa aina nyingine wanaongezeka Rusizi: watoto wao wako hai, lakini wako Kigali, au wamevuka daraja la mpakani kwenda kutafuta riziki Bukavu. Sera ya taifa ya wazee ya 2021 inataka mzee atunzwe kwanza na familia na jamii yake. Mpango wa VUP, ulioanza 2008, huwapa msaada wa fedha wazee maskini wasioweza kufanya kazi. Basi bibi wa kisiwa cha Nkombo mwenye wana watatu mjini anaweza kupata fedha hizo akikidhi masharti. Chumba Impinganzima hakimhusu, na anayemsaidia kuoga ni mke wa jirani, bila malipo, siku anazopata nafasi.