Bughudha ya mitaani

Bughudha ya mitaani ni maneno, miluzi, ishara au kushikwashikwa kwa kingono anakofanyiwa mtu bila kutaka, na watu asiowajua, akiwa njiani, stendi, sokoni au ndani ya daladala.

Wengi huiita "unyanyasaji wa kijinsia". Istilahi hiyo ni pana mno: inabeba kipigo cha mume, mjane kunyang'anywa mali na binti kuozwa mapema. Mwanamke wa Kisarawe akiulizwa kama hunyanyaswa kijinsia, huenda akawaza kipigo na kujibu hapana, ilhali kila siku hubughudhiwa akienda sokoni. Kitenzi hicho, kubughudhi, anacho tayari. Istilahi na ijengwe juu yake.

Ugumu uko kwenye macho ya anayetazama. Kijana wa bodaboda pale Maili Moja, Kibaha, akiita "Mrembo, njoo nikupeleke, mbona unaringa?" atakwambia anasifia tu, au anatania. Dada aliyeitwa anapima mengine: giza limeingia? Yuko peke yake? Akinyamaza ana maringo; akijibu, amekubali. Na akipita kimya, sifa inageuka palepale: "Nenda zako, kwanza mbaya!" Sifa gani hiyo inayodai malipo?

Hata utani una masharti yake. Mzaramo akimtania Mnyamwezi, Mnyamwezi naye ana ruhusa ya kumrudishia, tena kwa ukali uleule, na wote wawili wanaujua mpaka. Kijiweni, anayerudisha ndiye anayeonekana hana adabu.

Sheria haikungoja mjadala huu. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana (Maalum) ya mwaka 1998 iliingiza kifungu cha 138D katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania. Kinagusa maneno, sauti na ishara, si kushikwa tu, na kiliweka adhabu ya kifungo kisichozidi miaka 5, faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili. Ufaransa ilipotunga kosa la bughudha za mitaani mwaka 2018, Tanzania ilikuwa na kifungu chake kwa miaka 20.

Kifungu kipo, lakini shauri huanzia kwenye maelezo ya mlalamikaji. Anayefika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi akisema "wamenitania vibaya" ameshamkopesha mtuhumiwa utetezi. Aseme: "Wamenibughudhi."