Tatizo la Asili ya Kiswahili na Mipaka Yake: Historia ya Swali Moja

Mada ya "asili na maendeleo ya Kiswahili" huwavutia wanafunzi wengi wa shahada za juu, na mapendekezo mengi ya namna hiyo hurudishwa na wasimamizi yakiwa na alama ya kuuliza pembeni. Sababu si kwamba jambo lenyewe ni dogo. Sababu ni kwamba mada si tatizo la utafiti. Mada yaweza kutajwa kwa maneno matatu. Tatizo halina budi kuonyesha ni jambo gani hasa lisilojulikana, ni ushahidi wa aina gani uwezao kulitatua, na ushahidi huo utaishia wapi. Historia ya uchunguzi wa asili ya Kiswahili ni mfano mwafaka wa jambo hili, kwa kuwa wanazuoni walibishana kwa zaidi ya miaka mia moja, na kwa sehemu kubwa ya muda huo walichotofautiana si jibu bali swali, ingawa wachache walilitambua hilo.

Yafaa kuanza na Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844. Mwaka 1850 vitabu vyake viwili vilichapishwa Tübingen. Kimoja ni muhtasari wa sarufi ya Kiswahili. Cha pili, ambacho hakitajwi sana, ni orodha ya msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, na humo Kiswahili kimewekwa sambamba na Kinika (kama Kimijikenda kilivyoitwa wakati ule), Kikamba, Kipokomo, Kiyao na lugha ya Wagalla, ambao leo huitwa Waoromo. Krapf hakuwa na nadharia ya uainishaji iliyokomaa. Hata hivyo, alipopanga maneno ya Kiswahili kando ya maneno ya Kinika na Kipokomo, alikuwa tayari ameshika njia iliyohitajika: kulinganisha lugha na jirani zake. Miaka kumi na miwili baadaye Wilhelm Bleek alianza kuchapisha sarufi linganishi yake, na jina la "Bantu" likaingia katika taaluma. Lau njia hiyo ingefuatwa moja kwa moja, huenda mabishano mengi yaliyofuata yangeepukwa.

Haikufuatwa. Mwaka 1870 Edward Steere alitoa kitabu cha mafunzo ya Kiswahili ambacho jina lake linaeleza wazi kuwa ni Kiswahili kama kisemwavyo Unguja. Hapa pana mfano mzuri wa mtu aliyetangaza mipaka ya kazi yake tangu ukurasa wa kwanza. Kosa halikuwa la Steere bali la waliomfuata, ambao waliichukua mipaka hiyo wakaisahau kuwa ni mipaka. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu, na Kamati ya Lugha ya maeneo ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, lahaja moja ilipewa kazi ya kuwakilisha lugha nzima. Kwa shughuli za shule na uchapishaji uamuzi huo ulikuwa na faida zake. Kwa mtafiti wa asili ulikuwa mtego. Mwenye kuijua Kiunguja pekee huona "macho" na "njia"; hajui kwamba Mwamu na Mmvita husema "mato" na "ndia", wala hana sababu ya kujiuliza kwa nini Mgiriama husema "matso". Tofauti ndogo za sauti kama hizi ndizo zilizokuja kuwa ushahidi mkuu, nazo ziliwekwa nje ya uwanja kabla ya mchezo kuanza. Inafaa kuongeza kwamba C. H. Stigand alikuwa amechapisha kitabu kizima juu ya mabadiliko ya lahaja mwaka 1915, na kwamba katika miaka ya 1950 Lambert na Whiteley waliandika vijitabu vya thamani juu ya Kivumba, Chichifundi, Kimtang'ata na lahaja za Pemba. Data zilikuwapo. Kilichokosekana ni swali la kuziita.

Swali lililotawala wakati huo lilikuwa jingine: je, Kiswahili ni Kibantu au ni Kiarabu, au ni chotara wa vyote viwili? Msomaji aliangalie swali hili kwa makini, maana kasoro yake haionekani upesi. Lina sura ya tatizo la kisayansi, lakini linachanganya mambo matatu: nasaba ya lugha, chimbuko la msamiati wake, na nasaba ya wasemaji. Kila moja kati ya haya lina ushahidi wake. Sita, saba na tisa ni maneno ya Kiarabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni ya Kibantu. Hata "damu", neno ambalo mtu angelitarajia kuwa la asili kabisa, limetoka Kiarabu. Lakini ngeli, viambishi vya nafsi, na utaratibu mzima wa kitenzi ni vya Kibantu, wala hakuna hesabu ya maneno ya mkopo iwezayo kuubadili ukweli huo. Mwenye kuhesabu mikopo katika kamusi anapima jambo la kweli. Ila analolipima si asili ya lugha.

Mchanganyo huo haukuwa wa kitaaluma tu. Chini ya utawala wa Mwingereza sheria ilimtofautisha "mwenyeji" na asiyekuwa mwenyeji katika kodi na uandikishaji, na Thenashara Taifa wa Mombasa walidai kwa miaka mingi kuhesabiwa pamoja na Waarabu. Ahmed Idha Salim alilieleza jambo hili kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1973. Baadaye, ukanda wa maili kumi uliokuwa chini ya jina la Sultani wa Zanzibar ulipokuwa ukijadiliwa kabla ya uhuru wa Kenya wa Desemba 1963, swali la "Mswahili ni nani?" lilikuwa pia swali la nani ana haki ya kusema juu ya pwani. Mtafiti aliyeuliza kama Kiswahili ni cha Kiarabu hakuwa anauliza katika chumba kitupu. Jibu lolote alilotoa lilikuwa na mtu wa kulichukua na kulipeleka mahali pengine.

Katika akiolojia mambo yalikuwa hayo hayo. James Kirkman alipochapisha taarifa ya uchimbuaji wa Gedi mwaka 1954, aliuita mji huo katika jina la kitabu mji wa Kiarabu. Hapo tatizo lilikuwa limekwisha kujibiwa kwenye jalada. Neville Chittick, ambaye kazi yake kubwa juu ya Kilwa ilitoka mwaka 1974, alikuwa mchimbuaji makini sana, na tarehe zake zilirekebisha mengi yaliyoaminiwa kutokana na tarikh ya mji ule. Hata hivyo, macho yalielekezwa zaidi kwenye mawe, misikiti na vyungu vilivyotoka ng'ambo, yaani kwenye kile ambacho swali la wageni lilikiona kuwa muhimu. Mark Horton alipochimbua Shanga, katika kisiwa cha Pate, kuanzia mwaka 1980, aliongeza mipaka ya kazi kwa kushuka chini ya mawe. Chini ya msikiti wa mawe alikuta mabaki ya majengo ya miti na udongo, ya zamani zaidi, yakirudi hadi karne ya nane, pamoja na vyungu vya kienyeji kwa wingi uliopita kwa mbali vile vya kigeni. Mawe hayakubadilika kati ya wachimbuaji hawa. Kilichobadilika ni kina cha shimo, na kina hicho kilitokana na swali.

Kwa upande wa isimu, hatua iliyobadilisha mambo ilikuja katika sura ambayo msomaji wa kawaida asingeitazama mara mbili. Thomas Hinnebusch alitoa tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwaka 1973. Tasnifu hiyo ilihusu viambishi awali, mabadiliko ya sauti, na uainishaji wa lugha za Kibantu za pwani ya Kenya. Hakuna neno "asili" katika maelezo hayo. Eneo limetajwa, aina ya ushahidi imetajwa, na kazi itakayofanywa na ushahidi huo imetajwa. Ugumu aliokabiliana nao ulitokana kwa sehemu na mipaka iliyochorwa na mwingine: Malcolm Guthrie, katika uainishaji wake ulioanza mwaka 1948, aliiweka Kiswahili katika kundi la G40, na Kipokomo pamoja na lugha za Kimijikenda katika E70. Kanda za Guthrie zilikuwa za kurahisisha marejeo kijiografia kwa kiasi kikubwa. Lakini herufi zikishachapishwa husomeka kama ukoo, na mwanafunzi aliyechagua "lugha za G40" kuwa mipaka ya kazi yake alikuwa amewatenga ndugu wa Kiswahili kabla hajaandika neno. Kwa kuvuka mstari huo, na kwa kulinganisha mabadiliko ya sauti yaliyoshirikiwa badala ya maneno yaliyofanana tu, Hinnebusch aliweza kuonyesha kwamba Kiswahili, Kimijikenda na Kipokomo ni ndugu wa karibu. Kundi hilo, likiongezwa Kingazija na lahaja nyingine za Komoro pamoja na Kielwana, limezoeleka kwa jina la Sabaki. Kazi kubwa aliyoitoa pamoja na Derek Nurse mwaka 1993 ilijengwa juu ya msingi huo mwembamba.

Kati ya tarehe hizo mbili vilitoka vitabu viwili ambavyo vinafaa kusomwa pamoja kwa sababu ya tofauti zao. Historia ya Kiswahili ya Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala ilichapishwa mwaka 1977, baada ya waandishi wote wawili kufariki. Ni kitabu kipana, kinachochukua lahaja, fasihi, historia ya miji na siasa ya lugha, na hoja yake kwamba Kiswahili kilikuwapo pwani kabla ya Waarabu kuja ilikuwa na uzito kwa wasomaji waliochoka kuambiwa kinyume. Katika upana wake, ushahidi wa kila sehemu haukupata nafasi ya kupimwa hadi mwisho. Mwaka 1985 Nurse na Thomas Spear walitoa kitabu ambacho kimeandikwa kwenye jina lake miaka 800 hadi 1500. Wengine wamelalamika kwamba mipaka hiyo inaacha nje karne zenye maandishi mengi zaidi. Malalamiko hayo yana haki, lakini mipaka hiyo ndiyo iliyowawezesha waandishi kutenganisha kukua kwa lugha na mikopo ya Kiarabu, ambayo sehemu yake kubwa iliingia baadaye, na hivyo kuvunja swali la chotara bila hata kulijibu.

Tatizo likifunguliwa upande mmoja hufungwa upande mwingine. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa DNA ya watu 80 waliozikwa kati ya miaka 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya pwani. Ulionyesha kuwa wengi walikuwa na nasaba ya Kiafrika, hasa kwa upande wa mama, pamoja na nasaba ya Asia, hasa ya Uajemi kwa upande wa baba, na kwamba kuchanganyika huko kulianza karibu na mwaka 1000. Magazeti kadhaa yalilisoma hilo kama jibu la swali la zamani. Silo. Wengi wa waliochunguzwa walizikwa karibu na misikiti na katika makaburi ya wenye cheo, jambo ambalo watafiti wenyewe walilitaja; tena mifupa haisemi ni lugha gani mama alimwimbia mtoto. Ukweli ni kwamba matokeo hayo yanaafikiana vema na yale ya isimu, ikiwa kila moja litaachwa ndani ya mipaka yake.

Kuna mipaka ambayo mtafiti huichora kwa hiari, na kuna ile ambayo wakati humchorea. Chimiini, lahaja ya Barawa, ilikuwa pembezoni mwa kila uchunguzi wa asili, ikitajwa kwa aya moja kisha kuachwa. Katika miaka ya 1970 Mohammad Imam Abasheikh, Mbarawa, na Chauncey Kisseberth waliifanya kuwa uwanja mzima wa kazi katika Chuo Kikuu cha Illinois, wakichunguza mambo ambayo yalionekana madogo mno, kama vile urefu wa irabu. Vita vya Somalia vya mwaka 1991 viliwatawanya wasemaji wake, wengine Mombasa, wengine Ulaya na Marekani. Kamusi waliyoikusanya ilitoka mwaka 2004, na sehemu kubwa ya mifano iliyomo ilitokana na mji ambao mtafiti wa leo hawezi tena kuukuta kama ulivyokuwa.