Kompyuta Moja, Mifumo Miwili: Jifunze Linux Bila Kufuta Windows

Nyumba nyingi hapa Utange zina leptopu moja tu. Mzazi aweka hesabu za duka na kujaza ritani za KRA, mtoto wa chuo aitaka kwa masomo. Mwalimu akisema jifunzeni Linux, kijana hufuta Windows, na faili za nyumba nzima zikenda nayo. Hakuna haja. Mfumo wa pili waweza kukaa ndani ya ule wa kwanza.

Inavyofanya kazi

Programu kama VirtualBox hutengeneza mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza yenye fungu lake la RAM. Diski yake kwa kawaida ni faili kubwa tu ndani ya diski yako. Mfumo wa kompyuta yenyewe huitwa mwenyeji, ule wa ndani ni mgeni. Mgeni akiharibika, humfuta ukamweka mwengine, na mwenyeji hana habari. Pia waweza kuhifadhi hali ya mgeni kabla ya jaribio, ukairudia mambo yakienda kombo.

Jambo hili si geni. IBM walilifanya tangu miaka ya 1960, watu wengi wagawane mashine moja ya ghali. VMware walilileta kwenye kompyuta za kawaida mwaka 1999, na VirtualBox ikatoka 2007. Leo kampuni nyingi huendesha seva zao hivi hivi, kwa hivyo kijana anayejifunza nyumbani ajifunza kazi ya kweli.

Unachohitaji

- RAM ya gigabaiti 8. Ukiwa na 4, chagua Linux nyepesi kama Lubuntu. Usimpe mgeni zaidi ya nusu.
- Nafasi ya diski kama gigabaiti 25.
- Prosesa yenye VT-x (Intel) au AMD-V (AMD). Leptopu nyingi za mtumba zinayo, ila imezimwa. Iwashe kwenye BIOS.
- Faili ya Ubuntu, inayozidi gigabaiti 5. Itamaliza bandali ya simu, basi inakili kwa flashi kutoka kwa mwenzio.

Tahadhari

Windows ndani ya mgeni yataka leseni yake. Folda ya pamoja yaweza kupitisha virusi. Betri ikiwa mbovu na stima zikapotea, faili ya mgeni yaweza kuharibika. Zaidi ya yote, mashine pepe si akiba: diski ikifa, mwenyeji na mgeni wote hupotea. Hesabu za duka ziwe na nakala nje.

Muda wa kawaida wa kuhudumia Windows 10 uliisha 14 Oktoba 2025, na leptopu nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Kabla ya kuamua kuhama, mkaribishe Linux kama mgeni mwezi mmoja. Printa ikikubali na kazi za nyumba zikiendelea, hapo utahama ukijua waendako.