Askari wa zamani mwenye ulemavu na meza yake ya chakula: patanti, kodi ya soko na kile sheria inasema

Swali hili linarudia kila mara katika soko za Kasongo na Kabambare. Mutu aliyepoteza muguu ku vita, ambaye leo anauzisha uji, mandazi ao samaki ya kukaanga kando ya barabara, anapashwa kulipa patanti na kodi ya soko kama wengine? Watu wengi wanajibu mbio: hapana, yeye aliisha kulipa na mwili wake. Jibu hilo lina haki ndani, lakini halikuandikwa mu sheria ya biashara ndogo. Na ajenti wa takisi anayepita asubuhi na kitabu chake cha resu analijua hilo vizuri sana.

Kwa hiyo tumeona ni vema kueleza kile kimeandikwa, kile ambacho ni desturi tu, na mulango gani mutu anaweza kupitia ili apunguziwe mzigo.

Patanti njo karatasi ya kwanza

Kwetu Kongo biashara ya meza ya chakula ao ya pusupusu inahesabiwa kati ya biashara ndogo. Biashara hiyo ilipewa sheria tarehe 2 mwezi wa nane 1979, tena ikatoka ordonansi-sheria namba 90-046 ya tarehe 8 mwezi wa nane 1990. Mambo mawili yanapashwa kukumbukwa. Kwanza, biashara ndogo imewekwa kwa ajili ya wana-inchi, haiko ya mugeni. Pili, anayeifanya anapashwa kuwa na patanti. Mama wa mandazi, kijana wa mishikaki, askari wa zamani mwenye sufuria ya wali na maharagi: wote wako chini ya kanuni moja.

Patanti ni ya mutu mwenyewe. Haiazimishwi ndugu, haikodishwi jirani. Tunasisitiza hapa juu ya mufano unaotoka mbali. Kule Marekani, mu jimbo la New York, toka mwisho wa karne ya 19 kuna sheria inayowapa askari wa zamani haki ya pekee ya kuuzisha vitu ku barabara, na leo walioumia kazini wanaweza kuweka mikokoteni ya chakula fasi ambazo wengine wamekatazwa. Ni msaada wa kweli. Lakini wafanyabiashara wenye pesa wakaanza kumulipa askari kilema akae tu ku kiti kando ya mukokoteni, karatasi yake mukononi, na faida inaenda kwingine. Ruhusa ikabaki na jina la askari, lakini biashara ilikuwa ya mwengine. Mutu yeyote atakayeleta wazo la kusamehe vilema wa vita kodi hapa kwetu atakutana na janja ya namna ile ile, heri tuijue mapema.

Kodi ya soko haiko patanti

Watu wengi wanachanganya hizi mbili. Patanti inakupa haki ya kufanya biashara. Kodi ya soko, ao takisi ya meza, unalipa juu ya fasi unayokalia, kila siku ao kila siku ya soko. Mutu anaweza kuwa na patanti yake sawasawa na bado akadaiwa kodi ya meza, na hapo hakuna wizi wowote.

Wizi unaanza pengine. Kufwatana na sheria ya muundo wa utawala, namba 08/016 ya tarehe 7 mwezi wa kumi 2008, wenye kujitawala na kuwa na mufuko wao ni muji, komine, sekta na shefri. Teritware haimo. Musimamizi wa teritware, awe wa Kasongo ao wa Kabambare, ni mujumbe wa leta ya Kinshasa. Anaangalia na kusimamia, lakini soko la kijiji liko mukononi mwa sekta ao shefri. Kwa hiyo mutu akikatazwa kuweka meza yake, ao akidaiwa mara mbili kwa siku moja, aanze kwa shefu wa sekta, halafu apande kwa musimamizi wa teritware.

Tena si kila kitu kinachoitwa kodi ni kodi. Ordonansi-sheria namba 18/004 ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2018 ilitoa orodha ya kodi na takisi ambazo jimbo, komine, sekta na shefri wanaweza kukusanya. Kile hakimo mu orodha hakina nguvu. Pesa ya "chai", pesa ya "usalama", ile inayotozwa na mwenye silaha ku barua ya barabara kwa sababu umebeba sufuria ya wali toka kijiji kimoja mpaka kingine: hiyo haimo. Kitabu cha makosa cha Kongo, mu kifungu cha 146, kinaadhibu mutumishi wa leta anayepokea kodi huku anajua kwamba haidaiwi, ao anayezidisha ile inayodaiwa. Ni kosa linalopelekwa parke. Tunajua kwamba muuzaji wa uji hawezi kuacha jiko lake na kwenda kushitaki ajenti kila asubuhi. Lakini ajenti naye anajua kifungu hicho, na neno "niandikie resu" linapunguza bei haraka kuliko ugomvi.

Kuna pia watu wa ijieni. Hao hawauzi ruhusa. Kazi yao ni kuangalia maji, usafi wa vyombo, fasi ya kunawa mikono na afya ya anayepika. Mu inchi yetu, kando ya Lualaba na mu makambi ya wachimbaji wa dhahabu, kolera si hadithi. Ulemavu hauondoe kanuni hii, na hatuoni mutu wa kweli anayeomba iondolewe. Kitu cha kuomba ni bomba ao kisima ambacho mutu wa kinga ya magurudumu matatu anaweza kufikia bila kutambaa mu matope.

Nani anaweza kusamehe kodi?

Hapa njo moyo wa jambo. Katiba ya 2006, mu kifungu cha 174, inasema kwamba hakuna kodi isiyowekwa na sheria. Wauzaji wengi wanapenda sentensi hiyo. Lakini kifungu hicho hicho kinasema pia kwamba hakuna kusamehewa wala kupunguziwa kodi isipokuwa kwa nguvu ya sheria. Upanga huo unakata pande mbili. Shefu mwema anayesema "huyu muzee aliumia ku vita, mumuache" anafanya jambo la utu, lakini neno lake halina karatasi. Siku akibadilishwa, muzee anaanza tena kudaiwa, pengine na deni la miezi ya nyuma.

Wakongomani tuliona hivyo Kinshasa. Toka miaka ya 1970, watu wenye ulemavu waliofanya biashara ya kuvuka mto kwenda Brazzaville walikuwa wanalipa kidogo ku mashua na wafanyakazi wa forodha walikuwa wanafumba macho kidogo juu ya mizigo yao. Kinga zao kubwa zilizojaa bidhaa zilijulikana Ngobila yote. Familia nyingi ziliishi kwa biashara hiyo. Lakini ilikuwa inasimama zaidi ku mazoea na mapatano kuliko ku sheria, na kila uongozi mupya uliweza kuipunguza. Mwaka 2014, wakati Brazzaville ilifukuza Wakongomani wetu kwa maelfu, biashara hiyo ilipigwa vibaya, na watu hao hawakuwa na karatasi yoyote ya kutetea haki yao.

Je, hakuna kitu upande wa sheria? Kiko. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema kwamba muzee na mutu mwenye ulemavu wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, na kifungu cha 35 kinasema leta inapashwa kuchochea biashara ndogo ya Wakongomani. Mwaka 2015 Kongo iliingia mu mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Na tarehe 3 mwezi wa tano 2022 ilitoka sheria namba 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki za watu wanaoishi na ulemavu, sheria ambayo kifungu cha 49 kilikuwa kinaingojea zaidi ya miaka 15. Ni musingi mzuri. Lakini musingi hauwi nyumba: haukuandika "askari kilema wa Kasongo hatalipa kodi ya meza".

Askari yupi?

Vita vimepita kwetu vingi: maasi ya 1964, AFDL ya 1996, miaka ya RCD toka 1998, halafu vikundi vya Mai-Mai, zaidi upande wa Kabambare na fasi za dhahabu za Salamabila na Namoya. Kwa hiyo neno "askari wa zamani" linabeba watu wasiofanana mbele ya sheria.

Aliyeumia akiwa mu FARDC iko na sheria yake, namba 13/005 ya tarehe 15 mwezi wa kwanza 2013, inayosimamia hali ya wanajeshi, na inayozungumza pensheni na malipo ya ulemavu. Wizara yake ni ile ya Ulinzi na Askari wa Zamani. Huyu asikubali kwamba meza ya mandazi ichukue nafasi ya haki hiyo. Afwate vyote viwili. Taabu yake ya kawaida ni karatasi: matrikile imepotea, jina limeandikwa kwa namna tatu, barua ya daktari wa jeshi haipo.

Aliyetoka mu kikundi na kusalimisha silaha ni mutu mwengine. Wale wa kipindi cha CONADER walipewa dola 110 wakati wa kutoka, halafu dola 25 kwa mwezi kwa muda wa mwaka moja, na wengi walifungua biashara ndogo na pesa hiyo. Leo programu ni P-DDRCS, iliyoundwa mwezi wa saba 2021, na Maniema ni moja ya majimbo yake. Lakini mutu huyo haiko na pensheni ya jeshi. Kwake yeye, sheria ya 2022 njo ukuta pekee wa kuegemea.

Wa tatu hakushika bunduki hata siku moja: mama aliyepigwa risasi shambani, mutoto aliyekanyaga grenedi. Kwa maoni yetu, kama siku moja kodi ya meza itapunguzwa, ipunguzwe kwa wote hawa pamoja. Sheria ya 2022 haiulizi mutu alipotezea muguu wake upande gani wa vita. Ukipendelea mwenye silaha wa jana peke yake, yule mama atakayekaa naye meza kwa meza mu soko moja atauliza swali ambalo hakuna shefu anayeweza kulijibu.

Mulango uko wapi?

Kwa kawaida, baraza la sekta ao la komine lingekaa na kupiga kura juu ya bei ya kodi yake na juu ya nani apunguziwe. Lakini mabaraza ya sekta hayajachaguliwa hata mara moja toka Katiba ya 2006. Uchaguzi wa washauri wa komine wa mwezi wa 12, 2023 ulifanyika tu mu miji mikubwa ya majimbo. Kwetu Maniema ni kusema Kindu. Kasongo na Kabambare hazikupiga kura hiyo.

Basi unabaki mulango wa Kindu: Bunge la jimbo linaweza kutunga edi, ni kusema sheria ya jimbo, inayotimiza ile ya 2022 kwa upande wa kodi za jimbo na za sekta. Wabunge wa jimbo waliochaguliwa Kasongo na Kabambare njo watu wa kuandikiwa. Barabara ya kwenda Kindu inapita kilometa 200, na kila mutu aliyeisafiri mu mvua anajua maana yake kwa mwenye magongo. Kwa hiyo barua ya shirika la wenye ulemavu, yenye sahihi za wengi na nakala kwa musimamizi wa teritware, inafika mbali kuliko mutu mmoja mmoja. Iandikwe wazi: kodi gani, kwa nani, kwa ushahidi gani, na adhabu gani kwa anayekodisha karatasi yake. Neno hilo la mwisho litawapa wabunge sababu ndogo ya kukataa.

Wakati edi haijatoka, mwenye meza achunge karatasi zake mu plastiki moja: kadi ya uchaguzi, patanti ya mwaka, resu za kodi kwa kufwatana na tarehe, na barua ya daktari wa hospitali kubwa ya zoni ya afya inayoeleza ulemavu wake. Askari wa zamani aongeze karatasi ya jeshi ao ya kusalimisha silaha. Nakala moja ibaki kwa mutu anayeaminiwa, juu ya moto na mvua. Na kama shefu wa sekta anakubali kumuachilia kodi kwa huruma, amuombe kwa heshima: "Baba shefu, uniandikie hata mistari miwili, na muhuri." Mistari hiyo haiwi sheria, lakini ajenti mupya akifika asubuhi, itakuwa na tarehe na jina la aliyesema.