Jirani wa Ua Jekundu: Kemia, Jicho na Bustani ya Gertrude Jekyll

Ukisimama kwenye kitalu cha miche kando ya barabara utaona jinsi wengi wetu tunavyonunua maua: hili jekundu zuri, lile la njano zuri pia, basi nifungie yote. Yakishapandwa nyumbani, kila ua bado ni zuri, ila bustani yenyewe inachosha macho. Kwa nini? Jibu lilianza kupatikana kiwandani, si bustanini.

Mwaka 1824 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alipewa kusimamia idara ya rangi kwenye kiwanda cha Gobelins, Paris, kilichofuma mazulia ya picha ya kutundika ukutani. Kulikuwa na malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zinaonekana hafifu, hasa zikifumwa kama vivuli ndani ya buluu na zambarau. Chevreul, aliyekuwa ameshajijengea jina kwa utafiti wa mafuta na sabuni, alifanya kile ambacho mkemia angefanya: alizikagua nyuzi, akazilinganisha na za viwanda vingine. Hazikuwa na kasoro yoyote! Kumbe zilizoiharibu nyeusi ni rangi zilizokaa jirani nayo.

Kutokana na hapo, mwaka 1839 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu jambo hili. Hoja yake ni kwamba kila rangi huisukuma jirani yake kuelekea upande ulio kinyume na yenyewe. Nyekundu na kijani ni kinyume, vilevile buluu na chungwa, njano na zambarau. Jaribu mwenyewe: kodolea macho kitu cha rangi ya chungwa kwa nusu dakika, kisha hamishia macho kwenye karatasi nyeupe. Utaona kivuli cha kibuluu ambacho hakipo. Yaani jicho na ubongo havipimi rangi moja moja. Vinalinganisha muda wote. Chevreul hakuishia kwenye nyuzi. Kitabu hichohicho kinashauri kupanda maua ya buluu karibu na ya chungwa, na ya zambarau karibu na ya njano.

Wakati huo bustani za matajiri wa Uingereza zilikuwa zinaelekea kwingine. Maelfu ya miche, mingi ikiwa na asili ya kusini mwa Afrika na Amerika Kusini, ilikuzwa ndani ya nyumba za vioo, kisha ikapangwa nje kama zulia: pelagonia nyekundu, lobelia za buluu, mstari kwa mstari. Kelele tupu, kwa maoni yangu.

Gertrude Jekyll (1843–1932) aliingia kwenye bustani akiwa mchoraji. Alianza kusoma sanaa London mwaka 1861, kipindi ambacho nadharia ya Chevreul ilikuwa inajulikana vizuri kwa wasanii. Macho yake yalikuwa mabovu, na mwaka 1891 daktari wa macho huko Ujerumani alimshauri aachane na uchoraji na kutarizi. Basi nguvu zake akazielekeza kwenye udongo.

Nyumbani kwake Munstead Wood, Surrey, alipanda tuta la maua lenye urefu wa takribani mita 60. Ukianzia mwisho mmoja, unakutana na majani ya kijivu, maua ya buluu, meupe na ya njano iliyopauka. Ukitembea, njano inakolea, inageuka chungwa, na katikati unafika kwenye nyekundu kali. Kisha moto unapoa taratibu hadi zambarau na kijivu tena. Hapa alilitumia jicho lenyewe kama kifaa: likishashiba chungwa na nyekundu, linazipokea zambarau na kijivu kwa hamu, na rangi hizohizo zinang'aa zaidi.

Ninachompendea zaidi ni kwamba hakuwa mtumwa wa kanuni. Pelagonia nyekundu, iliyodharauliwa mtindo wa mazulia ulipochuja, aliitetea na kuipanda. Kosa lilikuwa la waliyoipanga vibaya, si la ua. Na katika kitabu chake cha 1908 aliwashangaa wanaong'ang'ania bustani ya buluu iwe na buluu tu, wakati mahali penyewe panalilia yungiyungi jeupe au njano kidogo. Ukiwa na plambago ya buluu inayoonekana kupooza, usiing'oe kwanza. Ipandie karibu bogenvilia ya chungwa, halafu itazame upya.