Manamba: Safari ya Neno Moja la Kiingereza

Neno la kigeni ni kama mgeni aliyekuja kukaa: huvikwa nguo za wenyeji, hujifunza desturi zao, na mwishowe hukabidhiwa jembe. Hivyo ndivyo lilivyofanyiwa neno la Kiingereza "number" katika nchi yetu.

Issuna imo katika nchi ya Wanyaturu, kando ya barabara iunganishayo Singida na Manyoni. Manyoni ndipo ilipo stesheni ya Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo, mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alikuwa ameleta miche ya mkonge, na mashamba yake yakaenea Tanga na Morogoro. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza utawala ulishikwa na Waingereza, lakini mkonge uliendelea kudai mikono mingi. Kodi ya kichwa nayo ilidai fedha taslimu, ambazo katika nchi ya ukame hazikupatikana kwa urahisi. Basi vijana wengi wa mikoa ya kati, Wanyaturu na Wanyiramba wakiwamo, waliingia mikataba ya kazi mbali na kwao. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kuandikisha wafanyakazi hao, ikajulikana kwa jina la SILABU. Kila aliyeandikishwa alipewa namba yake.

Kiswahili kililipokea neno hilo mara mbili. Mara ya kwanza lilikuwa "namba", likabaki na maana yake ya asili. Mara ya pili lilikuwa "manamba", nalo si tarakimu tena, bali ni mtu: yule aliyeandikishwa kwa mkataba kwenda kukata mkonge. Atakayesema kwamba hicho ni Kiingereza kilichoharibika hajalisikiliza neno lenyewe. Waliolitumia walitaja kwa usahihi kamili jambo walilotendewa: mtu aligeuzwa hesabu katika daftari la mwingine.

Ipo mifano mingine isiyo na uchungu huo. Kwa Kiingereza "keep left" ni amri kwa dereva. Kwetu kiplefti ni mzunguko wa barabara, na vikiwa vingi ni viplefti, kana kwamba neno lilizaliwa pamoja na kiti na viti. "Club" kwao ni chama cha watu; kilabu kwetu aghalabu ni mahali pa kunywea pombe. "Hotel" kwao ni nyumba ya kulala wageni. Katika hoteli zetu nyingi mtu hupata chai na wali, wala hapati kitanda.

Kwa hiyo mwanafunzi hana budi kushika mizani mbili. Aandikapo Kiingereza, azifuate maana za Waingereza, asije akamwambia mgeni kwamba amekula "hotel" akaeleweka vingine. Aandikapo Kiswahili, kipimo ni maana waliyokubaliana wasemaji wa Kiswahili. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, hutusanifia istilahi. Lakini neno "manamba" halikutungwa na baraza lolote. Lilitungwa mashambani na njiani, na wengi walioliishi wamekwisha kufariki. Mwalimu afundishapo maneno ya mkopo asiishie kutaja asili yake tu. Awatume wanafunzi kwa wazee waliosalia, wakaulize nani alikwenda, alikwenda shamba gani, na kama alirudi.